Picha za judo za watoto ukumbini: kisa cha kamera iliyosingiziwa ubovu

Kijana mmoja anaepiga picha za harusi hapa Mjini Unguja alinijia na memori kadi imejaa picha za mashindano ya judo ya watoto, akakaa, akanambia, "Ami, hii kamera ishakufa, nataka niiuze nitafute fulufremu" (kamera yenye sensa kubwa zaidi). Nikamwambia mwanangu subiri kwanza, hebu tuzitizame. Tukazifungua kwenye laptopu, na kweli hazikuwa picha za kumpelekea mzazi: mtoto anambwaga mwenzake na wote wawili ni ukungu, nyuso zimeingia kiza, chache zimepigwa na flashi na hizo watoto wamekodoa macho na ukumbi nyuma yao mweusi tii.

Kisa hichi nakiandika kwa urefu mana shida aliyoipata yeye wanaipata wengi wanaopiga michezo ya watoto ndani ya kumbi zetu, iwe judo, karate, mpira wa meza au wavu wa ndani, na karibu kila mmoja anakimbilia kuilaumu kamera, anatafuta pesa za bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ananunua, halafu anarudi ukumbini na picha ni zile zile. Kamera ya yule kijana ilikuwa nzima kabisa. Tatizo lilikuwa picha zake hazijasomwa, na ukizisoma zinakwambia zenyewe kipi kimekosekana.

Vifaa alivyokuwa navyo ni Canon 70D ya mkono wa pili, lenzi ya 18-135mm ya f/3.5-5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga unaingia zaidi), flashi ya kupachika juu, na chini ya begi ilikuwemo 50mm ya f/1.8 ambayo alikuwa akiitoa kwa bibi harusi tu. Ukumbi wenyewe ni wa skuli, madirisha yapo upande mmoja, wa magharibi, upande wa pili ukuta, juu kuna taa za tyubu ndefu za zamani zile za choki na stata na panga boi katikati. Mashindano yalianza baada ya sala ya Alasiri na fainali zikachezwa Magharibi imekaribia. Watoto ni wa miaka 8 mpaka 14 hivi, wote wamevaa judogi (suti ya judo) nyeupe, mana buluu iliingia kwenye mashindano ya kimataifa mwisho wa miaka ya 1990 lakini si kila klabu ya watoto inaweza kumpa mtoto suti mbili, kwahiyo wanatofautishwa kwa mkanda tu. (Judo Unguja ina watu wake, tokea Mjapani Tsuyoshi Shimaoka aanze kuwafundisha vijana hapa miaka ya 1990, lakini wapiga picha wanaoijua ni wachache mno.)

Seti zake zilikuwa hivi: modi ya Av (unachagua tundu la lenzi, kamera inachagua shata, yaani muda wa kuingiza mwanga), tundu la lenzi limefunguliwa mpaka mwisho lakini lenzi kaivuta 135 kwahiyo mwisho wenyewe ni f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kuushika mwanga) otomatiki imefungiwa isipite 1600, fokasi One Shot (inashika mara moja na kuganda), picha moja moja, JPEG, waiti balansi otomatiki. Ukiziangalia hizo utajua mara moja ni seti za harusi. Kwenye harusi bibi na bwana wamekaa, wageni wanasimama kwa picha, flashi inafika, na ISO ndogo inafanya ngozi itoke laini. Kila kitu pale kina sababu yake. Ukaja nazo kwenye tatami, yale magodoro ya kuchezea judo, ambapo mtoto yuko hewani kwa chini ya sekunde moja, zote zinakugeuka.

Kitu cha kwanza tulichofanya ni kuzipanga zile picha kwa aina ya ubovu. Watu wanasema "picha imetoka blaa" na wanaishia hapo, wakati ukungu una aina tatu na kila mmoja una dawa yake. Kuza picha mpaka asilimia mia uangalie tatami. Kama mistari ya tatami na miguu ya refa iko kali na mtoto ndo amepakazika, basi mtoto amekwenda mbio kuliko shata. Kama kila kitu kimepakazika kuelekea upande mmoja, tatami, ukuta, refa na mtoto, hapo mkono wako umetikisika. Na kama kuna kitu kikali mbele au nyuma ya mtoto, labda mzazi alokaa kwenye kiti kule nyuma anaonekana mpaka vifungo vya shati, basi fokasi imekwenda kwake ikamwacha mtoto.

Fungu kubwa lilikuwa la kwanza. Tatami kali, mtoto ukungu. Tukasoma taarifa za picha na shata ilikuwa 1/60, 1/80, mara nyengine 1/100. Kijana akanambia lakini lenzi ina kituliza mtikisiko ami, na ni kweli inacho, ila kile kinatuliza mkono wako wewe, hakimshiki mtoto anaeruka. Ndo mana tatami ilitoka kali vile.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme mguu wa mtoto anapobwagwa unakwenda mita 4 kwa sekunde, na hiyo wala si mbio sana. Kwa 1/60 mguu unasafiri karibu sentimita 7 wakati shata iko wazi, huo ni upana wa kiganja cha mtoto na zaidi, hakuna kamera duniani itakayokupa picha kali hapo hata uinunue kwa bei ya gari. Kwa 1/800 mguu unasafiri milimita 5. Milimita 5 kwa picha itakayotizamwa kwenye simu au kuchapishwa A4 jicho halioni. Kwahiyo namba ya kwanza ya kuamua ni shata, na inaamuliwa na mchezo, si mwanga wa ukumbi: judo ya watoto nataka 1/640 mpaka 1/800, wavu na kikapu 1/800 kwenda juu, mpira wa meza ukitaka mpira usimame kabisa nenda 1/1000 na zaidi. Ukishaiamua hiyo vyengine vyote vinaifuata.

Sasa kutoka 1/80 kwenda 1/800 umekata mwanga mara kumi, lazima uulipe pahala. Hapa ndo ile 50mm ilipotoka chini ya begi. Kutoka f/5.6 mpaka f/2 unapata mwanga karibu mara nane, na ukifungua mpaka f/1.8 ni karibu mara kumi, yaani lenzi ndogo ile ya plastiki imelipa deni karibu lote peke yake. Mimi nilimwambia abaki f/2, mana lenzi hii ikifunguliwa mwisho inalegea kidogo, na pia kina cha fokasi kinakuwa chembamba. Kwa 50mm kwenye bodi kama ile, ukiwa mita 5, f/2 inakupa kama sentimita 75 za ukali mbele mpaka nyuma, zinatosha watoto wawili walokamatana. 85mm ya f/1.8 ukiwa mita 6 ni kama sentimita 34 tu, mmoja atakuwa mkali na mwenzake amelainika.

Kilichobaki ni ISO. Kijana alikuwa anaiogopa ISO kweli kweli, na wengi wako hivo, mana wamefundishwa kwamba punje, zile chenga chenga za ISO kubwa, zinaharibu picha. Mimi nasema waziwazi: punje hazijawahi kunirudishia picha ya mchezo, ukungu umenirudishia nyingi. Mzazi hataulizia punje. Anataka kuona uso wa mwanawe akiwa katikati ya mbwago, meno yamekaza na mkono umeshika kola, na picha ya ISO 3200 au 6400 ikipunguzwa kwa ajili ya simu zile punje nyingi zinapotea zenyewe. Punje utazipunguza baadae kwenye programu, lakini mtoto alopakazika hakuna programu itakayomrudisha sawasawa.

Wiki iliyofuata tukenda wote kwenye mazoezi, ukumbi ule ule, tukaanza na modi ya M, ambayo kila kitu unaweka mwenyewe, 1/800, f/2, ISO 3200. Hesabu ilikaa vizuri kwa mwanga wa mle ndani na watoto walisimama hewani kama tulivyotaka. Lakini hapo yakatokea mambo mawili ambayo bila kuyajua utarudi tena kuilaumu kamera.

La kwanza ni judogi nyeupe. Mita ya kamera, kile kipimo chake cha mwanga, inadhani dunia yote ni ya kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye nguo mbili nyeupe zinazojaza fremu inasema hapa mwanga mwingi mno, inapunguza, judogi inatoka kijivu na uso wa mtoto unazama kwenye kiza. Kwa watoto wetu, ambao wengi ngozi zao ni nyeusi na maji ya kunde, hili ni kubwa kuliko linavyosemwa kwenye mafunzo mengi ya mitandaoni. Nimeona picha za mashindano ambazo nguo imetoka nzuri mpaka mishono inahesabika na mtoto hana macho. Hiyo kwangu ni picha iliyokosewa, hata kama histogramu, ile grafu ya mwanga, inapendeza, mana mtoto ndo aliekuja kupigwa picha, nguo imemfuata tu.

Tulichofanya ni kuacha kuifuata mita. Ukiwa kwenye M piga picha ya majaribio kwa mtoto alosimama anasubiri zamu yake, washa lile onyo la sehemu zilizoungua, zile zinazowakawaka kwenye kioo cha nyuma, halafu ongeza mwanga kidogo kidogo mpaka mikono ya judogi ianze kuwaka sehemu ndogo ndogo, kisha rudi nyuma hatua moja ndogo ya theluthi. Hapo ndo pahala pako. Kwa kawaida utajikuta uko juu ya mita kwa stopu nzima hivi, yaani mwanga mara mbili, nyuso zinafunguka, na nguo bado ina mikunjo yake. Ikiwa lazima uchague, acha bega la judogi liungue kidogo uuokoe uso. Na piga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalibana, mana kivuli cha usoni ukikivuta juu kwenye JPEG kinatoka na madoa ya rangi.

Jambo la pili ndo lililomtisha zaidi. Alipopiga mfululizo kwa 1/800 picha zikawa hazifanani: moja iko sawa, ya pili kiza, ya tatu juu kuna mwanga na chini kumeingia rangi kama ya chai, ya nne sawa tena. Akanitizama, "Si nilikwambia ami? Shata imekufa." Shata haikufa. Ni taa.

Umeme wetu Unguja ni wa hezi 50 kama wa bara, mana unatoka huko huko kwa waya wa chini ya bahari, na taa ya tyubu yenye choki inapanda na kushuka mara mbili kwa kila mzunguko, yaani inapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kwa shata ya 1/60 kamera nayo haioni sana mana inakuwa wazi zaidi ya pepeso moja zima. Ukenda 1/800 unachukua kipande kidogo mno cha pepeso hilo, ni sawa na mtu alosimama ufukweni akafumbua jicho mara moja akalifumba, pengine atalikuta wimbi limepanda pengine limeteremka. Likiwa limepanda picha inang'aa, likiwa limeshuka picha inaingia kiza na rangi inabadilika pia, mana unga wa ndani ya tyubu haupoi wote kwa pamoja, rangi moja inakaa zaidi ya nyengine. Na ile picha ya nusu nusu inatokana na pazia mbili za shata: ukipita ile spidi ya mwisho ya flashi, ambayo kwenye 70D ni 1/250, pazia haziko wazi zote kwa wakati mmoja, unakuwa mwanya unaoteremka, kwahiyo juu ya picha na chini ya picha hazikupata mwanga wa wakati mmoja. Kamera za mirolesi, zile zisizo na kioo cha ndani, ukitumia shata ya kielektroniki huwa mbaya zaidi, utaona mistari mistari kabisa.

Hapa kuna kitu nataka kila mpiga picha wa kwetu akijue. Mafunzo mengi tunayoyasoma yameandikwa na watu wa Marekani, na kule umeme ni wa hezi 60, taa zinapepesa mara 120, kwahiyo wanakwambia kaa 1/60 au 1/125 utakuwa salama. Huku kwetu namba zetu ni 1/50 na 1/100. Kwa 1/100 unachukua pepeso moja kamili, si pungufu si zaidi, na kila picha inafanana na mwenzake. Nilimwonesha kijana pale pale, akaweka 1/100 akapiga mfululizo, picha zote rangi moja, na hapo ndo akakubali kwamba kamera yake nzima.

Lakini 1/100 haimsimamishi mtoto hewani, kwahiyo tufanyeje? Dawa iliyo safi ni kamera inayojua kusubiri taa. Canon waliianza kwenye 7D Mark II mwaka 2014 na 80D ya 2016 nayo inayo, kamera inalisoma pepeso na inaachia shata wimbi likiwa juu. 70D haina hiyo. Kwa asokuwa nayo iko njia ya kuishi na tatizo: piga mfululizo kwa kila mbwago, 70D inatoa picha 7 kwa sekunde, kati ya hizo zipo zitakazoangukia kwenye mwanga mzuri, na RAW itakusaidia kuzisawazisha zilizopishana kidogo. Kushuka mpaka 1/500 kunapunguza tofauti lakini hakuiondoi. Kukaa mwahala ambapo mwanga wa dirisha unafika kunasaidia sana kuliko watu wanavyodhani, mana jua halipepesi, na kadri mwanga wa jua unavyokuwa mwingi juu ya tatami ndivyo pepeso la tyubu linavyozama ndani yake. Na ikiwa unasikilizwa na wenye ukumbi, muulize fundi umeme kama taa zote ziko kwenye fezi moja. Ukumbi wenye fezi tatu taa zikigawanywa zinapishana, moja ikishuka nyengine inapanda, pepeso linapungua bila kununua kitu. Tyubu zenye balasti ya kielektroniki kwa kawaida hazina shida hii kwa macho ya kamera. LED zinategemea, nyengine safi nyengine mbaya kushinda tyubu, zipime kwa kupiga ukuta mweupe kwa 1/1000 mara kadhaa kabla watoto hawajaingia.

Kwahiyo tukampangia seti mbili. Ya mbwago: 1/800, f/2, ISO 3200. Ya utulivu, yaani watoto wanapopeana rei, ile salamu ya kuinama, sensei (mwalimu wao) anapozungumza nao, mama anapomfunga mtoto mkanda: 1/100, f/2.8, ISO 800, rangi safi na punje kidogo. Hii ya pili tukaihifadhi kwenye ile C ya kwenye gurudumu la modi ili asihangaike na vitufe, anageuza tu. Wakati wa medali akiwa na watoto wamepangwa safu mbili anafunga tundu mpaka f/4 na ISO 1600 ili safu ya nyuma nayo iwe kali.

Flashi nilimwomba aiache nyumbani. Mtoto anaetua kwa mgongo anatakiwa aone anapotua, na refa anatakiwa aone kila kitu. Sina la kuongeza hapo.

Kwenye fokasi tukahamia AI Servo, inayoendelea kumfuata mtoto anavyokwenda, nukta moja ya katikati au kundi dogo la nukta, na kidole gumba ndo kinachoshika fokasi kwenye kitufe cha nyuma. Judogi nyeupe haina kitu cha kamera kushika, ukilenga kifuani lenzi inakwenda na kurudi tu, lenga pale mkanda wa rangi unapokutana na nguo au pale kola inapokutana na shingo, pana mpaka wa rangi na fokasi inashika mara moja. Na ujifunze mchezo wenyewe. Kabla ya kumbwaga mtu lazima umvunje mizani, wenyewe wanaita kuzushi, utaona bega linavutwa na kisigino kinanyanyuka, hapo ndo uanze kupiga. Ukingoja mpaka miguu iko juu utapata mtoto alolala.

Mahala pa kukaa: chini, magoti, kwenye kona ya tatami nje ya eneo la usalama, viatu umevua, madirisha yako mgongoni mwako. Kijana siku ya mwanzo alikaa upande wa ukuta akiyaelekea madirisha, na jua la jioni lilikuwa linaingia moja kwa moja, kwahiyo nusu ya zile nyuso zilizoingia kiza zilitoka hapo. Kuhama tu upande kulimpa mwanga wa bure usoni mwa watoto.

Sasa kuna hili la saa. Sisi tuko digrii 6 kusini ya ikweta, jua likizama kiza hakingoji, ndani ya nusu saa kumeshakuwa usiku. Mashindano yanayoanza baada ya Alasiri na kumalizika Magharibi yanapita kwenye mwanga wa aina mbili au tatu, na anaeweka seti mara moja akazisahau atapata raundi ya mwanzo nzuri na fainali kiza, na fainali ndo kila mtu anaitaka. Siku tuliyokwenda, saa kumi na nusu karibu na dirisha ISO 1600 kwa 1/1000 ilitosha. Saa kumi na moja na nusu tulikuwa 3200 na 1/800. Taa peke yake zilipobaki, 6400. Modi ya M haikufanyii hayo, lazima uangalie kila baada ya mapambano mawili matatu, judogi ya mtoto mmoja, onyo la kuwaka, sawazisha, endelea. Na tarajia pepeso la taa litazidi kuonekana kadri dirisha linavyokufa, kwahiyo fainali ndo upige mfululizo mrefu zaidi.

Rangi pia inahama, buluu ya dirisha na kijani cha tyubu. Otomatiki inarukaruka, piga karatasi nyeupe uweke waiti balansi yako mwenyewe na uirudie jua likishazama. Usitumie judogi kama kipimo cha weupe, mama zetu wanazitia nili wakifua, moja ina ubuluu na nyengine imeshaingia umanjano wa jasho.

Mashindano yaliyofuata alikwenda peke yake. Zile picha alizoniletea baadae zilikuwa za mtu mwengine. Bado alitupa nyingi, na hilo ni la kawaida kwenye judo, refa anakatiza mbele, mtoto anakupa mgongo, 50mm ile fokasi yake si ya haraka na mara nyengine ilichelewa, taa nazo zilikula fungu lake. Lakini kulikuwa na moja ya binti mdogo, mkanda wa njano, anamzungusha mwenzake kiunoni, miguu ya yule iko juu imesimama kabisa hewani, uso wa binti unaonekana wote, ametoa macho na mdomo umebana. Punje zipo. Mama yake aliiomba ichapishwe.

Na kwa kuwa ni watoto, hili nalo ni sehemu ya kazi. Kabla ya kupiga, sensei na wazazi wawe wanajua na wamekubali. Picha ambayo judogi imefunguka vibaya au mtandio wa binti umevuka, haitoki kwenye laptopu, hata iwe kali namna gani na hata iwe ndo mbwago bora wa siku. Jina la mtoto na skuli yake haviandikwi chini ya picha inayokwenda mtandaoni. Na ukiwatumia wazazi kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa mpaka kazi yote ile ya ukali inapotea.

Kijana aliuliza mwisho anunue nini basi. Fulufremu sikumshauri. Kwa pesa kidogo alizonazo 85mm ya f/1.8 ya mkono wa pili ndo ya kwanza, kwa mapambano ya katikati ya tatami, hata kama kina chake chembamba kitamlazimisha awe mwangalifu na fokasi. Baadae akijaaliwa, bodi yenye kusubiri pepeso la taa, 80D au 7D Mark II za mkono wa pili zinafanya kazi hiyo na lenzi zake zote zinaingia.

Na kwa aliebaki na lenzi ya f/5.6 tu na hana nyengine, wakati wa tyubu nenda 1/200 na ISO 12800, usivunjike moyo. Tafuta sekunde ambazo mwendo unapungua wenyewe: wanapokamatana kola na kuvutana, yule alo juu kabla hajaanza kushuka, mtoto anapogeuka kumtizama sensei wake baada ya kusikia ippon, pointi kamili inayomaliza pambano. Kwa simu ni hivo hivo, zima modi ya usiku mana inaunganisha picha kadhaa na mtoto anakuwa na mikono minne, usivute zumu, sogea mpaka pale refa anapokuruhusu, ubonyeze mfululizo.